Magoroku Juu ya Mabega ya Mchukuzi

Mkwe wetu Magoroku alikuja kuolewa. Nasema hivyo hivyo, alikuja kuolewa, na watu wa Kayanuma walimtania kwa neno hilo tangu siku alipoingia uani kwa kaka yangu Jimbei akiwa na kifurushi kimoja na masikio mawili makubwa. Kaka hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na Onui peke yake, basi akatafuta kijana wa nyumba nyingine, mtoto wa mwisho asiye na shamba la kurithi, akamwingiza kwetu awe mume wa Onui na siku moja awe mwenye nyumba. Siku moja, lakini siku gani? Hapo ndipo penye kazi. Mkwe wa namna hiyo asipopendeza hufungiwa virago akarudishwa kwa kaka yake, na mke na watoto wakabaki kwa baba mkwe.

Mimi ni dada yake Jimbei. Nilifiwa na mume nikarudi kukaa pembeni ya jiko la kaka, na kwa kuwa nami nilikuwa mtu wa kuvumiliwa, nilimwelewa Magoroku kuliko walivyomwelewa wengine. Alikuwa mtu wa kuomba radhi. Ukimkanyaga, anaomba radhi yeye. Kuku wakila mpunga alioanika Jimbei kwa mikono yake mwenyewe, utamsikia Magoroku, samahani Baba. Alilima vizuri, alisokota kamba vizuri, na pombe hakuiendekeza. Kitu kimoja tu kilimshinda, maji. Utotoni alitumbukia kwenye bwawa la kumwagilia mashamba akatolewa akiwa nusu mfu, na tangu hapo hata pipa la kuogea aliliingia kwa kusitasita huku ameshikilia ukingo. Jimbei alimwonea haya mkwe huyo, na hakuficha. Alilisema jambo hilo wakati wa kula, Magoroku akiwa palepale na bakuli lake mkononi.

Sasa, kila mwaka chama chetu cha Ise huchanga, kisha wanachama huchomoa vijiti, na mwenye kijiti kirefu ndiye anayekwenda kwenye hekalu kuu la Ise kwa niaba ya kijiji kizima. Anatembea mmoja, wanasali wote. Akirudi huleta hirizi za hekalu, vipande vya mbao vyenye jina la hekalu, moja kwa kila nyumba, ya kuwekwa kwenye kibao cha miungu ili wadudu wasile mpunga na moto usile paa. Mwaka ule kijiti kirefu kilikuwa mkononi mwa Magoroku. Kampachi, jirani yetu ambaye mdomo wake hauna mlango, akasema basi mwaka huu miungu imechoka nasi. Watu wakacheka. Magoroku naye akacheka, kisha akaomba radhi.

Asubuhi ya kuondoka, Jimbei alisimama kizingitini akamwambia mbele yetu sote. "Ukirudi na hirizi za watu, nakuachia nyumba. Mimi nitahamia chumba cha nyuma nipumzike. Ukitufanyia upuuzi, usipite hapa. Pitiliza mpaka kwa kaka yako." Onui alikuwa na mimba changa. Alimfunga mumewe vitambaa vya miguuni, akamvika kofia pana ya majani iliyoandikwa kwa wino mweusi jina la kijiji chetu, Kayanuma, kama wavaavyo mahujaji wote, ili mtu akianguka njiani ijulikane ni wa wapi. Loo, kofia ile! Bora angeondoka na kichwa kitupu.

Theluji ilikuwa bado mashambani alipoondoka, na ilikuwa arudi kabla ya kupandikiza mpunga. Maua ya mcheri yakachanua yakaanguka, miche ikawa tayari, Magoroku hayupo. Tukapandikiza bila yeye. Kwetu kazi hiyo hufanywa na kijiji kizima, mstari mmoja matopeni, kwa hiyo kila mtu alimwona Onui akiinama na tumbo lake huku mumewe haonekani, na kila mtu alikuwa na la kusema. Kampachi alisema bila shaka mkwe wetu yuko Kyoto anamiminiwa pombe na wanawake wenye shingo nyeupe. Jimbei akaacha kulitaja jina lake. Akawa anasema "yule."

Alirudi mvua zimeshika. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni, mimi ndiye niliyemletea maji ya kunawa miguu. Kichwa kilikuwa wazi, uso umebabuka kwa jua, pua inatoka magamba. Nilipomvua zile ndara za majani, nyayo zilinitisha, zilikuwa zimepasukapasuka, na kucha nyingine hazipo. Nikamwuliza alikuwa wapi, mwanangu. Akatazama maji ya beseni, akasema alipitia Kyoto na Osaka kutembea, akajisahau. Na kofia? Upepo uliichukua, Shangazi. Jimbei alikuwa nyuma ya mlango wa karatasi akisikia yote, nami nikasikia anatema mate kwenye majivu.

Hata hivyo hirizi zilikuwepo, kavu, ndani ya kisanduku safi, na miungu haipokelewi kwa ugomvi. Chama kikapanga karamu ya kumpokea kesho yake mchana. Jimbei akasema maneno yake atayatunza mpaka wageni wamekula.

Kulikuwa na aibu nyingine tena. Mtu akitoka Ise huleta zawadi kwa waliomchangia, hata kama ni sindano na uzi. Magoroku hakutoa kitu. Wifi yangu Otaki, mkewe Jimbei, hakulala kwa kuwaza jinsi wanawake watakavyomcheka, na asubuhi, Magoroku alipokuwa akizunguka nyumba hadi nyumba kugawa hirizi, alikifungua kifurushi chake akapekua. Chini kabisa akakuta karatasi zilizokunjwa pamoja ndani ya karatasi ya mafuta. Zilikuwa picha za kuchapa za Edo, ule mji mkubwa wa shogun, zote za namna moja. Macho ya Otaki yamefifia siku nyingi. Aliona rangi ya buluu ya mto, akaona kilele cheupe cha mlima, akashusha pumzi. Kumbe mtoto wa watu ameleta zawadi, ni soni tu iliyomzuia kusema! Akazikunja vizuri, akaweka moja moja kando ya kila sinia la chakula. Mimi nilikuwa jikoni napambana na viazi na samaki, sikujua lolote.

Karamuni walimkalisha Magoroku pale juu, mahali pa heshima, ubavuni mwa Mzee Sozaemon, mkuu wa chama. Hajawahi kukaa mahali hapo maishani mwake. Pombe ya mchele ilipozunguka na watu wakaanza kumshukuru, nilimwona kutoka mlango wa jikoni akithubutu kutabasamu. Ndipo Kampachi alipoikunjua karatasi yake.

Alicheka mpaka pombe ikamtoka puani. Wengine nao wakakunjua, na chumba kizima kikaangua kicheko. Kwa kweli picha ilichekesha, siwezi kusema uongo. Ilikuwa Mto Oi, ambao hauna daraja na wasafiri huvushwa mabegani mwa wachukuzi. Katikati ya mto palikuwa na mchukuzi ametoa ulimi, haoni anakokwenda, kwa sababu msafiri aliyempanda mabegani amemkumbatia kichwa na kumziba macho kwa viganja vyote viwili. Msafiri mwenyewe amefumba macho, mdomo wazi, ubinda umemfunguka unaelea nyuma yake. Mbele yao kisanduku kimepasuka, na hirizi za Ise zinateremka na maji zimejipanga kama bata. Ng'ambo watu wameshika mbavu, mmoja ameanguka chali kwa kucheka.

Magoroku alikuwa amenyoosha mkono, kama mtu anayetaka kurudisha kitu kilichokwisha kudondoka. Hakuna aliyemtazama, ila Mzee Sozaemon, ambaye hakuwa anacheka. Alikuwa ameisogeza picha karibu na macho.

"Kofia ya huyu mtu imeandikwa Kayanuma," akasema.

Kicheko kikazimika upande huu, kikazimika na upande ule. Watu wakaitazama picha tena, wakayaona yale masikio. Hakuna masikio kama yale katika mkoa wetu wote. Na waliokuwa wakicheka wakafahamu kwamba kumbe Edo nzima inakicheka kijiji chao, jina na yote, na kwamba wao wenyewe wamekicheka. Nilitamani sakafu ipasuke nizame. Otaki alikuwa bado hajui amefanya nini.

Mzee Sozaemon akaiweka picha chini taratibu. "Magoroku. Hirizi zetu zilikwenda na maji. Hizi ulizotugawia leo asubuhi umezitoa wapi?"

Magoroku aliinamisha paji la uso mpaka likagusa mkeka. Basi watu wakamjibia. Mmoja akasema njiani wamejaa matapeli wanaochonga hirizi bandia. Mwingine akasema ndiyo maana alikwenda Kyoto kujistarehesha, hakuwa na uso wa kurudi. Kampachi akasema, na sisi leo tumezipa mchele na chumvi, jamani, tumeviinamia vipande vya kuni. Mzee mmoja akainuka aende kwake akaiondoe yake kwenye kibao kabla haijaleta nuksi.

Jimbei hakuinua sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Kesho alfajiri utaondoka," akamwambia. "Mtoto akizaliwa ataambiwa baba yake alikufa maji."

Nilifikiri Magoroku atalia, ajitetee, amshike mzee miguu. Wapi! Alisema tu, "Ndiyo, Baba," mdomo wake umo ndani ya mkeka. Alikuwa ameikubali hukumu kabla haijatolewa. Hapo ndipo nilipojua kwamba yule mtu alikuwa ameikimbia aibu hiyo safari nzima, nasi tumempokea nayo kwenye sinia.

Onui alinipita mlangoni tumbo mbele. Mkononi alikuwa na kata, ile kata ya mbao niliyomwona nayo tangu jana akichotea mchuzi, nami nikidhani ni ya jirani. Alipiga magoti akaiweka mbele ya baba yake. Mpini wake ulikuwa umelika pale vidole vinaposhika, na ukingo umemong'onyoka.

"Baba, hii ilikuwa kwenye kifurushi chake," akasema. "Mume wangu aliondoka hapa bila kata. Mwulizeni alikuwa akiomba ili apate nini."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Anayekwenda Ise na kata mkononi ni yule asiye na kitu, anayeinyoosha kwenye milango ya watu atiliwe gao la mchele. Mjumbe wa chama haombi. Mjumbe wa chama amelipiwa na kijiji kizima.

Ikabidi aseme, na alisema akiwa ameinama vilevile, mpaka tukalazimika kuvuta shingo ili tumsikie. Alikuwa anarudi, hirizi ziko salama kwenye kisanduku. Mto ulikuwa umejaa, mchukuzi maji yanamfika kifuani. Aliambiwa akiinue kisanduku juu ya kichwa kwa mikono miwili, akakiinua. Katikati ya mto maji yakamgusa vidole vya miguu, akafumba macho. Kilichofuata ni hicho mnachokiona. Walipoopolewa, watu wa ng'ambo walikuwa wanacheka, na mmoja wao alikuwa chini ya mwavuli na brashi mkononi. Magoroku alidhani ni mfanyabiashara anaandika mizigo yake.

Alikaa ukingoni mpaka nguo zikamkaukia mwilini. Alitaka kuja nyumbani kutuambia, miguu ikakataa. Basi akaisukuma kofia mtoni iende na hirizi, kwa sababu alikuwa anakwenda kuomba, na haikufaa jina la Kayanuma liombe. Akaokota kata iliyotupwa kando ya njia. Akarudi Ise, njia ile ile, kichwa wazi. Watu wa hekalu hawakumwamini, basi akawapasulia kuni na kuwatekea maji nyumbani kwa kuhani siku nyingi, mpaka kuhani akamwonea huruma akampa hirizi nyingine na kisanduku kipya. Alipofika tena kwenye Mto Oi alikifunga kisanduku utosini kwa mshipi wake, akavuka macho wazi.

Edo ndiko alikojiona pichani. Alikuwa ananing'inia mbele ya duka, watu wamemzunguka wanacheka. Aliuza vazi lake la mvua na kiko chake palepale, akazinunua picha zote zilizokuwa dukani, akidhani amemaliza. Akataka kuzichoma njiani, mkono ukasita. Kwenye zile hirizi za pichani limeandikwa jina la hekalu, na jina hilo halichomwi kama takataka. Hungojea moto wa mwaka mpya, pale kijiji kinapochoma hirizi za zamani kwa dua. Akazificha angojee siku hiyo.

Otaki aliposikia hapo akajifunika uso kwa mikono ya kimono chake.

Mzee Sozaemon aliuliza kwa upole, kwa nini hakusema tangu jana. Maji ni maji, yanaweza kumnyang'anya mtu yeyote.

"Hayakuninyang'anya, Mzee," Magoroku akasema. "Niliachia mimi. Mikono ni hii miwili. Nilishika kichwa cha mchukuzi, nikaachia miungu yenu."

Mle ndani hakuna aliyekuwa na pa kuweka macho. Yule mzee aliyeinuka kwenda kutoa hirizi yake kibaoni alikaa chini taratibu. Kampachi alikuwa anaikunja picha yake, anaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama punje, na bado anaikunja. Mimi nilikumbuka zile nyayo nilizoziosha. Nilizishika kwa mikono yangu nikaamini ni za mtu aliyetoka kustarehe.

Jimbei aliichukua ile kata. Aliigeuza huku na huku, akapitisha kidole gumba pale mpini ulipolika. Kaka yangu hajawahi kumwomba mtu msamaha tangu azaliwe, hata marehemu mama yetu. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Mpini huu umekwisha," akasema. "Kesho utanichongea mwingine."

Basi, ndiyo hayo tu. Magoroku alilia hapo, si kabla.

Nyumba aliachiwa baada ya mavuno, Onui akiwa amekwisha kujifungua binti mwenye masikio ambayo hayahitaji kuulizwa baba. Jimbei alihamia chumba cha nyuma kama alivyoahidi. Lakini msidhani aibu ilimtoka Magoroku. Kwenye mikutano ya chama alikaa karibu na mlango ingawa sasa alikuwa mwenye nyumba. Akipita mbele ya kibao cha miungu aliinama zaidi kuliko sisi, kama mdeni. Watoto wa njiani wakicheka jambo lao, alikuwa anageuza kichwa. Siku ya moto wa mwaka mpya kila nyumba ilileta picha yake bila kuambiwa, wakazitia motoni pamoja na hirizi za zamani, na yeye alisimama pale mpaka majivu yakapoa. Akaniambia, "Imekwisha, Shangazi." Nami, mwanamke wa shamba nisiyejua mambo ya mjini, nikamwambia ndiyo mwanangu, imekwisha.

Kijiti cha mwaka ule mpya kilimwangukia Kampachi. Alikwenda, akarudi kwa wakati, kofia kichwani, hirizi kavu. Ila hakwenda kwake kwanza. Alikuja kwetu kwa mlango wa nyuma, na vumbi la safari mwilini, akakaa kwenye ukingo wa sakafu ya jiko. Nilimtilia chai, hakuigusa. Magoroku alipotoka shambani, Kampachi alisimama, akavua kofia. Yule mtu ambaye mdomo wake hauna mlango alikuwa anatafuta maneno hayaoni. Mwishowe alitoa kifuani furushi la karatasi ya mafuta.

"Zilikuwa zinaning'inia dukani Edo," akasema. "Nimezinunua zote. Hata mke wangu sikumletea kitu."

Furushi lilikuwa nene kuliko lile la mwanzo. Nilimwona Magoroku akilitazama, na yaliyonipambazukia mimi yakampambazukia na yeye, kwamba huko Edo kuna ubao umechongwa wa kuchapia picha hizo, na ubao huo hauchoki, na mwakani mwingine atakwenda na kuzikuta nyingine. Alilipokea furushi kwa mikono miwili, akaligusisha kwenye paji la uso kama tunavyopokea hirizi.

"Samahani, Kampachi," akasema, akainama.

Kampachi akashuka mpaka chini, kwenye udongo wa jikoni, akainama kuliko yeye. Hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuinua kichwa. Nikawaacha hapo, nikatoka nje kuwatazama kuku, maana sikuwa na uso wa kuwatazama wao.